Uso unaojiponya huku ukisuguliwa: mwongozo kamili wa kuuwekea modeli ya hesabu, kwa mfano wa bushi ya feni ya korosho

Bushi yenyewe, bomba fupi ambalo shafti huzunguka ndani yake, inaenea kiganjani: kipenyo cha ndani milimita 25, cha nje 32, urefu 30. Inabeba shafti ya feni ya kupepeta maganda laini katika kibanda cha kubangulia korosho hapa Mikindani. Shafti inazunguka mara 600 kwa dakika, na mkanda unaivuta kwa nguvu ya nyutoni 300 hivi. Haina nipeli ya grisi. Imetengenezwa kwa unga wa shaba na bati, shaba kama sehemu 9 na bati 1, uliogandamizwa kisha ukaokwa kwa moto usiofika kuyeyusha shaba, kwa hiyo ndani yake kuna vitundu vinavyoshikana kama vya sponji. Vitundu hivyo vimejazwa oili. Shafti ikizunguka na bushi ikapata moto, oili hutoka na kutandaza utando pale paliposuguliwa. Mashine ikizimwa na kupoa, sehemu ya oili hiyo hurudi ndani.

Huo ni uso unaojiponya, na naupendekeza kwa anayeanza kwa sababu unaweza kuupima kwa vifaa vya sokoni.

Mama anayeendesha feni ile alikuwa na neno lake: bushi nzima "inatoka jasho". Asubuhi moja aliniambia, "Mwalimu, leo haitoki jasho." Nilikuwa na hesabu yangu daftarini inayosema bado ina wiki mbili, nikamwambia aendelee. Siku ya tano shafti ikakamata, mkanda ukaungua, na kilo nyingi za korosho zikalala bila kupepetwa. Hesabu ilikuwa na kosa moja, nami nitalionyesha likifika mahali pake, maana ni kosa ambalo karibu kila anayeanza kazi hii hulifanya.

Hatua ya 1: Jua ni aina gani ya kupona

Usiandike mlinganyo wowote kabla ya kujibu swali hili: dawa inatoka wapi?

Kuna nyuso zinazopona kwa akiba iliyofichwa ndani. Bushi yetu ni ya kundi hili. Plastiki yenye vidonge vidogo vya gundi iliyotangazwa mwaka 2001 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani ni ya kundi hilihili: ufa ukipita unapasua vidonge, gundi inamwagika na kuganda. Akiba ikiisha, uponyaji umeisha.

Kundi la pili hupona kwa msuguano wenyewe. Oili nyingi za injini zina kiungo chenye zinki, fosforasi na salfa. Mahali chuma kinapobanana na chuma kwa nguvu, joto na mkandamizo huvunja kiungo hicho, kikajenga utando mgumu kama kioo ambao unene wake ni sehemu ndogo tu ya elfu ya milimita. Ukichubuka, palepale palipochubuka ndipo panapobanwa zaidi, na ndipo unapoota tena. Hapa msuguano ni mharibifu na mganga kwa wakati mmoja.

La tatu ni chuma kisichoshika kutu. Kromu iliyomo hukutana na oksijeni na kufunika jeraha mara moja. Ila kila mara kinapopona kinatumia kromu na chuma chake chenyewe, kwa hiyo ni kidonda kinachopona kwa kula nyama. Sisi wa pwani, wenye hewa ya chumvi, tusilisahau kundi hili: pampu ya maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi huliwa kwa msuguano na chumvi kwa pamoja, na hasara huwa kubwa kuliko ukijumlisha vitu hivyo viwili kila kimoja peke yake.

Kuanzia hapa nafuata kundi la kwanza. Nitarudi kwa la pili mwishoni.

Hatua ya 2: Andika mashindano

Modeli yote ni mbio za watu wawili: kuchubuka na kupona. Chagua herufi unazozikumbuka. Mimi hutumia hizi:

u ni sehemu ya uso iliyofunikwa na utando, kuanzia 0 (uso mtupu) hadi 1 (umefunikwa wote).
p ni kasi ya kupona, kwa dakika.
c ni kasi ya kuchubuka, kwa dakika.
a ni akiba iliyobaki, kuanzia 1 (imejaa) hadi 0.

Kupona hutokea pale palipo wazi tu, yaani kwenye (1 − u), na hutegemea akiba. Kuchubuka hutokea pale penye utando tu. Basi:

kasi ya mabadiliko ya u = p·a·(1 − u) − c·u

Usiupite mstari huu haraka. Uso ukiwa mtupu, kupona kuna nafasi kubwa na kuchubuka hakuna cha kuchubua. Uso ukijaa, mambo yanageuka. Kwa hiyo kuna mahali pande mbili zinalingana, nako unakupata kwa kuweka kasi ya mabadiliko kuwa sifuri:

u ya mizani = p·a ÷ (p·a + c)

Kwa feni yetu, p ni 0.48 na c ni 0.02 (namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu ziende vizuri, zako zitakuwa nyingine). Akiba ikiwa imejaa, u ya mizani ni 0.48 ÷ 0.50, yaani 0.96.

Hatua ya 3: Unganisha na uchakavu wa chuma

Mwenye kibanda hajali utando. Anajali bushi itakwisha lini. Daraja kati ya mambo hayo mawili ni kanuni ya Archard, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1953: ujazo wa chuma unaopotea unalingana na mzigo mara umbali uliosuguliwa. Tunazidisha kwa kizidishio k, chenye vipimo vya milimita za ujazo kwa kila nyutoni na mita.

Kasi ya uso wa shafti ni 3.14 × 0.025 × 10, yaani mita 0.785 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mita 2,827 hivi. Zidisha kwa nyutoni 300, unapata kama 848,000. Palipo wazi nachukua k ya 0.00001, penye utando, ya 0.0000001. Uso mtupu kabisa ungepoteza milimita za ujazo 8.48 kwa saa. Uliofunikwa wote, 0.085.

Changanya kwa uwiano wa u. Kwa u ya 0.96: (0.04 × 8.48) + (0.96 × 0.085) = 0.42 kwa saa. Gawa kwa eneo linalobeba mzigo, 25 × 30, yaani 750, na kwa saa 100 bushi inaliwa milimita 0.056.

Sasa angalia jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Akiba ikishuka hadi robo, p·a ni 0.12 na u ya mizani ni 0.86. Kutoka 0.96 hadi 0.86 inaonekana ni upungufu mdogo. Lakini sehemu iliyo wazi imepanda kutoka 4 hadi 14 kwa mia, na uchakavu umefika 1.29 kwa saa, mara tatu ya mwanzo. Ndiyo maana nasema ufuatilie palipo wazi, usifuatilie palipofunikwa.

Hatua ya 4: Pima p na c kwa mizani ya samaki

Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani lazima wawe na maabara. Unahitaji mashine ya kukerezea kwenye karakana yoyote, mizani ya kidijitali ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki inayosoma gramu 5 au 10, saa, na ndoo.

Funga kipande cha shafti kwenye mashine ya kukerezea. Vika bushi ikiwa ndani ya nyumba yake (kipande kinachoishikilia kwa nje), na chini ya nyumba hiyo ning'iniza ndoo ya lita 20 yenye mchanga, ipime hadi ifike kilo 30.6, yaani nyutoni 300. Ndoo ining'inie sawasawa chini ya kati ya shafti. Ikienda pembeni hata sentimita moja, uzito wake utaingia kwenye kipimo na kukudanganya. Kwenye nyumba ya bushi chomelea mkono wa sentimita 20, ncha yake uifunge kamba kwenda kwenye mizani. Shafti ikizunguka, msuguano unajaribu kuizungusha bushi, mkono unavuta mizani.

Zungusha kwanza mbele, kisha nyuma ukiwa umehamishia mizani upande wa pili, uchukue wastani. Makosa mengi ya kufunga vifaa hufutika hapo.

Kupata kizidishio cha msuguano, m:

m = kilo za mizani × 9.81 × 0.2 ÷ (300 × 0.0125)

Mizani ikisoma gramu 170, m ni 0.089. Kisha unahitaji ncha mbili. Dondoshea oili ya ziada ili uso ufunikwe wote, usome: sisi tulipata m ya 0.08. Halafu chukua bushi ya pili, iloweke petroli mara kadhaa na kuikausha juani hadi isitoe oili tena (mbali na moto, na petroli ile usiimwage ovyo), kisha uizungushe sekunde 20 tu: 0.30. Kila kipimo cha katikati kinageuka kuwa u kwa njia hii:

u = (0.30 − m) ÷ 0.22

Sasa chukua bushi iliyojaa oili, futa sehemu ya ndani na shafti kwa kitambaa kikavu cha pamba (petroli usitumie hapa, itanyonya oili ya vitunduni), washa, na soma mizani kila nusu dakika kwa dakika 15. Utaona namba zikishuka haraka, kisha polepole, kisha zikitulia. Pale zinapotulia ndiyo u ya mizani. Pima muda unaochukua pengo kati ya u na u ya mizani kupungua kwa nusu. Kwetu ulikuwa dakika 1.4 hivi. Gawa 0.693 kwa muda huo, unapata p + c, karibu 0.50. Zidisha kwa u ya mizani, 0.96, na hiyo ndiyo p: 0.48. Kinachobaki ni c.

Hiyo namba ya 1.4 naipenda sana. Inakuambia jeraha la bushi hii hupona nusu kwa chini ya dakika moja na nusu, na hakuna anayeliona.

Hatua ya 5: Endesha modeli kwenye lahajedwali

Safu ya kwanza ni muda, ya pili u, ya tatu kasi ya mabadiliko. Kila mstari mpya: u mpya = u ya zamani + kasi × hatua ya muda. Kwa hatua ya nusu dakika kuanzia uso mtupu, na akiba imejaa, lazima upate 0.24, kisha 0.42, kisha 0.555. Usipopata hizo, kuna kosa kwenye fomula yako. Litafute kabla hujaendelea.

Jihadhari na hatua kubwa. Ukiweka dakika 5 mstari wa kwanza utakupa u ya 2.4, uso uliofunikwa zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake. Kwa p + c ya 0.50, hatua ya zaidi ya dakika 4 hufanya namba zirukeruke bila kutulia kamwe. Mimi sivuki nusu dakika.

Hatua ya 6: Weka daftari la akiba

Ujazo wa bushi hii ni milimita za ujazo 9,400 hivi, na oili ni kama moja ya tano yake: mililita 1.9, gramu 1.65. Kijiko cha chai hakifiki nusu. Hiyo ndiyo akiba ya msimu wote.

Kila utando unapochubuka, sehemu kubwa hurudi vitunduni na sehemu ndogo hupotea na vumbi. Ita sehemu hiyo q:

kasi ya kupungua kwa a = q·c·u

Kupata q, tumia mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Hapa kuna mtego: bushi iliyotumika imepoteza oili na chuma pia, na mizani haitofautishi. Suluhisho ni kupima mara mbili. Mfano: ikiwa mpya na imejaa ilikuwa gramu 62.00. Baada ya saa 200 za kazi, gramu 61.07. Ichovye kwenye oili ya moto usiku kucha, uifute, upime tena: 61.45. Kilichorudi, 0.38, ndicho kiasi cha oili kilichopotea. Ambacho hakikurudi, 0.55, ni chuma. Gramu 0.38 kati ya 1.65 ni asilimia 23 ya akiba kwa saa 200, na q inatoka karibu moja ya elfu.

Kwa q hiyo, akiba inashuka hadi robo baada ya saa 673. Kwa saa 8 kwa siku, siku 84. Na hii ndiyo hesabu iliyokuwa daftarini mwangu.

Hatua ya 7: Rudisha joto ndani ya mlinganyo

Kosa langu lilikuwa kuichukua c kama namba isiyobadilika. Utando ukipungua, m inapanda. m ikipanda, joto linapanda. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, utando unakuwa dhaifu, c inapanda. c ikipanda, utando unapungua zaidi. Mduara umefunga.

Uandike hivi, kwa mpangilio huu, katika kila mstari wa lahajedwali:

m = 0.30 − 0.22·u
wati za joto = m × 300 × 0.785
nyuzi joto za bushi = joto la hewa + 1.5 × wati
c = 0.02 × 2 ^ ((nyuzi joto − 61) ÷ 15)

Hiyo 1.5 unaipata kwa kipimajoto cha kulenga: acha mashine ifanye kazi hadi joto litulie, toa joto la hewa, gawa kwa wati. Kanuni ya c kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 15 ni dhana. Ithibitishe kwa kurudia Hatua ya 4 asubuhi bushi ikiwa baridi na mchana ikiwa moto. Nyuzi 61 ni joto la bushi yetu yenye akiba kamili hewa ikiwa nyuzi 30, kama ilivyo mchana wa kaskazi hapa Mtwara.

Rudia sasa akiba ya robo. Mstari wa kwanza u ni 0.86, joto 69, c inapanda hadi 0.03, u inashuka 0.80, joto 74, na kuendelea. Inatulia kwenye u ya 0.69 na nyuzi 82. Uchakavu ni milimita za ujazo 2.7 kwa saa. Bila joto tulisema mara tatu. Ukweli ni zaidi ya mara sita.

Endelea hadi akiba ya 0.05. Bila joto u ilikuwa 0.55, bushi inachechemea lakini inakwenda. Ukiweka joto, hautulii hapo kabisa: 0.55, 0.21, 0.07, chini ya 0.05, huku joto likivuka nyuzi 120. Hiyo ndiyo shafti kukamata. Bushi haikuzeeka taratibu hadi mwisho. Ilifika ukingoni ikaanguka. Mama aliyesema "haitoki jasho" alikuwa ameuona ukingo kwa macho, nami sikuwa nao kwenye hesabu.

Kwa joto, nusu ya kwanza ya akiba inakaa saa 408 hivi, lakini robo inayofuata inakaa saa 159 tu.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa namba ambazo hukuilisha

Modeli iliyopimwa kwa namba zilezile zilizoitengeneza haijapimwa. Ongeza mchanga hadi nyutoni 450 na, kabla ya kuwasha, andika unachotarajia. Ikiwa c inalingana na mzigo, inakuwa 0.03, na u ya mizani 0.94 kabla joto halijapanda. Chomeka joto upate namba ya mwisho. Kisha pima. Ukikosea kwa asilimia chache, sawa. Ukikosea sana, kuna kitu hujakiandika, mara nyingi vumbi la maganda lililoziba vitundu, na hapo p ndiyo imeshuka, siyo c.

Angalia pia usivuke uwezo wa bushi yenyewe. Kanieneo mara kasi kwa feni yetu ni 0.4 × 0.785, kama 0.31. Kikomo kinachotumika kwa bushi za aina hii ni karibu 1.75, kanieneo ikiwa kwa megapaskali na kasi kwa mita kwa sekunde. Karibu na kikomo hicho usiitegemee modeli hii rahisi.

Ukitaka kuhamia kundi la pili

Kwa utando wa oili ya injini, badilisha p peke yake. Inakua kwa kipeo kadiri joto na mkazo vinavyopanda:

p = p₀ · e ^ (−(E − s·V) ÷ (kB·J))

p₀ ni kasi ambayo kupona kungekuwa nayo kama kizingiti kisingekuwapo, e ni namba 2.718, E ni kizingiti cha nishati cha mmenyuko, s ni mkazo, V ni ujazo mdogo sana ambao mkazo unaufanyia kazi, J ni joto kwa kelvini, na kB ni kizidishio cha Boltzmann. Soma alama: mkazo unapunguza kizingiti. Ndiyo maana kwenye injini ya mashua mzigo wa wastani unaweza kuuotesha utando vizuri kuliko injini inayozungushwa bila mzigo muda mrefu. Akiba hapa ni kiungo kilichobaki ndani ya oili, na ukibadilisha oili, a inarudi 1.

Kuichovya bushi upya

Tumia oili safi ya madini, namba 30, isiyo na grafiti wala chembe yoyote. Ipashe hadi nyuzi 80, zamisha bushi, iache humo mpaka vipovu viishe, kisha iache ipoe humohumo usiku kucha. Inapopoa ndipo inapovuta. Watu wa hapa watakushauri mafuta ya maganda ya korosho kwa kuwa ni ya bure. Usikubali. Mafuta yale yanayounguza mikono ya wabanguaji huganda yakipata moto, na kwa sababu hiyo hasa viwanda vya bitana za breki huyatengeneza kuwa unga wa kuongezea kwenye bitana. Kwenye breki yanahitajika kushika. Kwenye vitundu vya bushi yataziba.

Feni ya Mikindani sasa inachovywa kila baada ya saa 400 za kazi, yaani siku 50, kabla nusu ya akiba haijaisha. Tarehe imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta nyuma ya mashine, na chini yake tumeongeza sharti la pili: bushi isipotoka jasho ikishapata moto, zima, hata kama siku hazijafika.